Nyoka wa Pili

Mtaa mzima ulimwita Mfuniko, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alikuwa seremala, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi hata siku ambazo hakugusa msumeno. Nusu ya vitanda na milango ya mtaa ule ilitoka mikononi mwake, lakini hakuna aliyemtaja kwa vitanda wala milango. Walimtaja kwa nyoka. Nyoka akiingia stoo ya mtu, akijikunja nyuma ya friji ya duka au akilala ndani ya buti la mlinzi, watu walimpigia simu seremala, naye alikuja na fimbo yenye kulabu mkono mmoja na ndoo tupu ya rangi mkono wa pili, na kabla hajaitikia salamu alikuwa akiuliza nani atamshikia mfuniko. Wanaume waliokuwa wakijigamba muda ule ule walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Ndivyo jina lilivyoganda, likaandikwa hata kwenye simu za watu.

Kazi hiyo hakuitafuta. Karakana yake ilijaa marundo ya mbao, na penye marundo ya mbao pana panya, na penye panya nyoka hasubiri kualikwa. Bosi aliyemfundisha useremala, kabla hajamfundisha kupiga randa, alimfundisha kugonga rundo kwa fimbo ndipo aingize mkono. Vifutu, wale nyoka wafupi wanene wanaojilalia kwenye maranda kana kwamba wamelipia chumba, aliwazoea tangu ujana. Hakuwaua. Aliwatia kwenye ndoo, akawafunika, na asubuhi kabla jua halijawatia nguvu alikwenda kuwaachia kwenye machimbo ya mawe yaliyotelekezwa, mbali na nyumba za watu.

Kitu kimoja tu kilimuudhi katika shughuli ile, nacho ni swali. Nyoka akishaingia ndooni, mfuniko ukishabana, watu wakishapumua, lazima atokee mmoja wa kuuliza: na mwenzake je? Kila mtu alikuwa amekua akiambiwa kwamba nyoka hutembea wawili wawili, na kwamba ukimwondoa mmoja, mwenzake atakuja kumtafuta mpaka ndani ya shuka. Mfuniko alikuwa na hotuba yake juu ya jambo hilo, na aliitoa mtu apende asipende. Nyoka hana ndoa, alikuwa akisema. Hana mke, hana mume, hana shemeji wa kumpelekea habari. Wanakutana, wanamaliza yao, kila mmoja anashika njia yake bila hata kuagana. Mliyemwona ndiye huyo huyo, laleni. Na watu walilala kweli. Mtu anayemshika swila shingoni asipojua habari za ndoa ya nyoka, nani atazijua?

Mkewe aliijua hotuba ile neno kwa neno. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao tangu watoto wao wakiwa wadogo mpaka wakakua, wakaoa na kuolewa, wakaenda mbali. Majirani walipokuja kuuliza habari za nyoka, mume alianza, "Nyoka hana ndoa," na mke, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akamalizia kuhusu shemeji. Hata yeye, aliyekuwa akiogopa hata mjusi, alilala usingizi wa pono katika nyumba iliyopitisha nyoka wengi kuliko wageni, kwa sababu mumewe alikuwa amesema hakuna hatari.

Kilichowatenganisha ni ndoo. Maji ya bomba mtaani kwao yalikuja yanapotaka yenyewe, mara nyingi alfajiri, na bomba likianza kukoroma kila nyumba ilikurupuka kutafuta ndoo. Jioni moja Mfuniko alirudi na swila, yule nyoka anayeinua shingo na kumtemea mtu sumu machoni, akamweka kwenye kona ya jikoni angojee asubuhi. Ndoo zake za nyoka zilikuwa ndoo za rangi, nyeupe. Ndoo za maji za mkewe nazo zilikuwa ndoo za rangi, nyeupe vile vile, na aliyezileta nyumbani ni yeye mwenyewe. Siku zote aliweka tofali juu ya mfuniko wenye nyoka, na hilo tofali ndilo lililokuwa alama. Jioni ile, kwa uchovu, hakuliweka. Bomba likakoroma, mkewe akaingia jikoni na usingizi wake machoni, akashika ndoo ya kwanza aliyoipapasa, akafungua.

Mayowe ndiyo yaliyomwamsha mume. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe ameziba macho kwa viganja, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Yuko wapi?"

Alikuwa anamuulizia nyoka. Akamwona chini ya kabati, akamfunika kwa beseni, ndipo akamshika mkewe, akamwinamisha chini ya bomba na kumwosha macho mpaka maji yakakatika. Hospitalini waliambiwa kwamba maji yale ndiyo yaliyomwokoa asipofuke. Jicho la kulia likapona kabisa, la kushoto likabaki na ukungu. Mfuniko alijieleza kwa yeyote aliyemsikiliza: nyoka akiwa chumbani na hujui alipo, unaweza kuokoa jicho ukapoteza maisha. Ilikuwa kweli, na mkewe alikubali kwamba ni kweli. Hakubishana naye hata mara moja. Siku bandeji zilipotolewa alifunga cherehani yake kwa shuka, akaita mkokoteni, akahamia kwa dada yake ng'ambo ya reli.

"Jicho nimekusamehe," alimwambia mlangoni. "Lakini mimi nalia, wewe unamuulizia nyoka."

Nyumba ikapwaya. Mfuniko hakuwa akijua kwamba miaka yote ile alikuwa akisinzia kwa mlio wa cherehani, mpaka mlio ulipokosekana na usingizi nao ukakosekana. Pini za mkewe zilibaki kwenye nyufa za sakafu, na kila iliyomchoma unyayo aliiokota akaiweka kwenye kopo, hakuitupa. Kitanda alichokitengeneza mwenyewe alipokuwa bwana harusi, kipana kwa majigambo ya ujana, sasa kilimpa shida; seremala anaweza kukipunguza kitanda asubuhi moja tu, naye alilifikiria hilo, akaona ni kujikatia tamaa kwa msumeno wake mwenyewe. Alimtaka mkewe, hakuna haja ya kuzungusha maneno. Alitaka kumsikia akilalamika kwamba uzi wa siku hizi haufai. Alizipaka ndoo zote za nyoka rangi nyekundu, akajenga kibanda chenye kufuli nyuma ya karakana ili nyoka asikanyage tena nyumbani, akatuma habari hizo kwa shemeji yake. Shemeji akajibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na rangi nyekundu ni nzuri.

Huyo shemeji, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa mjane mfuga kuku, mwenye ulimi uliowatisha hata majogoo. Mfuniko alikwenda kwake mara kadhaa, lakini hakuwahi kwenda mikono mitupu wala bila neno la kujitetea. Mara ya kwanza alipeleka mkasi ambao mkewe aliusahau. Mara ya pili alipeleka kigoda alichokiongezea mguu. Mara ya tatu alijifanya amesikia bawaba ya mlango wao inalia. Kusimama tu na kusema nimekuja kukuona wewe, hilo mdomo wake haukuliweza. Kwao wanaume walifundishwa kubeba mbao, hawakufundishwa kubeba maneno. Shemeji alipokea mkasi mlangoni, akapokea kigoda mlangoni, akasema bawaba yake haijambo, ahsante. Kutoka ndani sauti ya mkewe ikasema msalimie fundi. Fundi! Mwanamke aliyekuwa akimwita Baba watoto sasa alimwita kama mteja anayedai kabati lake.

Basi mchana mmoja, Mfuniko akiwa anapiga randa ubao wa mlango, simu ikaita. Alikuwa shemeji, na safari hii ulimi wake ulikuwa umepoa.

"Shemeji, nyoka kaingia chumba cha cherehani," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu yuko humo humo."

Hakukumbuka baadaye alivyovuka reli. Alimkuta shemeji uani, ameshika ufagio, kuku wamepanda juu ya tangi la maji. Mfuniko hakuuliza nyoka yuko wapi. Aliuliza kama mkewe mzima. Shemeji akamwambia amemwita kwa ajili ya nyoka, hali ya mkewe akamuulize mwenyewe.

Akavaa miwani yake ya kazi, akasukuma mlango. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, kitanda chembamba ukutani, meza ya kukatia vitambaa, na cherehani ya miguu kwenye kona. Mkewe alikuwa amekaa juu ya meza, magoti kifuani, katikati ya sare za shule za bluu zilizokatwa. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa miwani ya macho, na Mfuniko hakuwa na habari kwamba mkewe anavaa miwani. Hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia, kwamba kuna kitu kipya usoni pa mkewe na watu wote wa ng'ambo ile wamekiona kabla yake. Akabaki amesimama anamtazama.

"Fundi," mkewe akasema, "nyoka yuko upande huu."

Swila alikuwa amejizungusha kwenye chuma cha chini ya cherehani, pale pale miguu ya mshonaji inapokaa. Bila shaka alifuata vifaranga bandani, ufagio ukamtoa mbio, akaona uwazi chini ya mlango. Mfuniko akapiga goti. Nyoka akainua shingo, akatema, mate yakatapakaa kwenye miwani ya kazi, akatema tena. Kulabu ikapita chini, ikamtoa taratibu kwenye vyuma, na kama kawaida ndoo ikawa tayari na mshika mfuniko hakuna. Mfuniko alifungua kinywa kuita. Kabla hajaita, mfuniko ulikuwa karibu na mkono wake. Mkewe alikuwa ameteremka mezani, ameunyoosha. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuushika.

Wakabana ndoo pamoja. Shemeji na majirani wawili watatu wakajitokeza mlangoni sasa, maana ushujaa hurudi hatari ikiondoka, na shemeji akauliza lile swali.

"Na mwenzake je?"

Hotuba ilikuwa tayari ulimini. Lakini Mfuniko aliona mkewe ameshaanza kukunja vitambaa. Angesema ahsante fundi, naye angebeba ndoo avuke reli, na kuanzia kesho angerudi kwenye kopo lake la pini. Midomo ikamtangulia akili.

"Mwenzake yupo," alisema. "Hawa wa mabanda ya kuku huwa wawili. Itabidi niwe napita kukagua."

Mkewe akaacha kukunja. Alimtazama, kisha akatazama chini ya kitanda.

Hivyo mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwaambia watu nyoka hana ndoa akageuka mtafutaji wa bibi harusi wa nyoka. Kesho yake alifunga karakana mapema, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kumsaka nyoka asiyekuwepo akinukia sabuni. Aligonga kuta kwa fimbo. Aliinama chini ya kabati na kutikisa kichwa kwa uzito mkubwa. Siku iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shemeji yeye alimpa nyundo, naye Mfuniko akaziba matundu ya banda la kuku na kupigilia ubao chini ya mlango, akashukuru kwa kila msumari. Baada ya kazi aliletewa chai.

Na alipoletewa chai, mkewe alikuwepo. Hilo ndilo lililomlevya. Zamani nyumbani, kuzungumza na mkewe ilikuwa kuzungumza na mgongo wake, cherehani ikikatiza kila sentensi. Sasa mke alikaa kitandani, miguu ameipandisha juu na kuifunika kwa kanga, mikono mitupu, uso kwa uso naye. Alimweleza kwamba miwani inamuumiza kichwa ikifika jioni. Alimweleza kwamba kutunga uzi kwenye sindano anatumia ulimi kwanza, kidole kisha, jicho mwisho. Siku moja Mfuniko alimsimulia jinsi tajiri mmoja aliyemwita kumtoa nyoka alivyokutwa amejifungia kwenye kabati la nguo, kumbe nyoka mwenyewe ni mpira wa gesi, na mkewe akacheka kile kicheko chake kikubwa, mpaka shemeji akachungulia. Mfuniko alivuka reli siku hiyo akipiga mluzi. Alikuwa amejipangia: siku chache tu nyingine, azoee kuniona, halafu nitamwomba arudi. Aliwaza hata kukamata nyoka machimboni, amlete kwa siri, amkamate mbele yake, ili uongo uwe na mwisho mwema. Kilichomzuia ni woga, wala si uungwana.

Alasiri moja alipofika alikuta mama mmoja amesimama mlangoni, analalamika. Shule zimefungua, watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na fundi aliahidi. Mkewe alikuwa kitandani akimwomba radhi, akiomba aongezewe siku. Mama yule akaondoka amenuna. Mfuniko akashangaa. Tangu amjue, mkewe hakuwahi kumchelewesha mteja. Alishona akiwa na homa, alishona mpaka siku moja kabla ya kujifungua. Akageuka kuangalia cherehani. Ilikuwa imefunikwa shuka, na shuka lilikuwa na vumbi.

"Mbona hushoni?" aliuliza.

"Nitashonaje?" mkewe akajibu kwa upole tu. "Cherehani inataka miguu iwe chini."

Ndipo Mfuniko alipokiona chumba. Alikuwa akiingia humo kila siku na fimbo ya kutafutia, na hakuwa ameona kitu. Miguu ya kitanda ilikuwa imesimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta ya taa. Shuka lilikuwa limechomekwa chini ya godoro pande zote. Dirisha lilifungwa na kuzibwa matambara, na joto lile. Tochi ilikuwa kando ya mto. Vitambaa vya bluu bado vilikuwa juu ya meza kama alivyoviacha siku ya nyoka, maana kuvifikia ni lazima avuke sakafu. Na ile miguu chini ya kanga, alipoitazama sasa, ilikuwa imevimba kwa kukunjwa. Kila kitu alichokifurahia, ule wasaa, ile mikono mitupu, kule kuzungumza uso kwa uso, kilikuwa hofu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na yeye, mume, alikuwa amemchukua mwanamke aliyetemewa sumu machoni akamwambia kwamba ung'ongo uko chini ya kitanda chake, na haujulikani utatoka lini.

Alijua akisema ukweli hatakuwa na neno la kumleta tena katika chumba kile. Alijua pia kwamba shemeji atautangaza uongo wake mpaka stesheni. Akaweka fimbo chini, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani.

"Hakuna nyoka wa pili," alisema.

"Hujampata bado?"

"Hajawahi kuwepo. Nilisema uongo."

Mkewe alivua miwani.

"Kwa nini?"

"Ili niwe nakuja."

Uani kuku walikuwa wakigombania punje. Mkewe aliteremsha mguu mmoja, akaukanyagisha sakafuni taratibu kama mtu anayepima maji kwenye beseni, kisha akateremsha wa pili. Hakuonyesha hasira, na Mfuniko angeshukuru kama angekasirika.

"Wewe nimekupima katika kila jambo," alisema. "Ukisema unarudi mchana, najua ni jioni. Ukisema kabati la mtu limebaki rangi tu, najua hata mbao hujanunua. Lakini kwa habari za nyoka sijakupima hata siku moja. Ulipokuwa ukisema hayupo, nilikuwa nalala. Uliposema yupo, kwangu alikuwepo. Nimelala nimekaa siku zote hizi."

Mfuniko akasema nisamehe. Neno lilitoka dogo. Mkewe hakulipokea wala hakulirudisha. Alimwambia aende nyumbani. Akainuka, akachukua fimbo, akachukua ndoo yake nyekundu aliyokuwa akiileta tupu na kuiondoa tupu.

"Kesho usije," mkewe akasema.

Alikuwa ameshafika mlangoni. Mtu mwenye aibu angetoka. Mfuniko akageuka, mzee mzima na ndoo mkononi, akauliza, "Na keshokutwa?"

Mkewe alikuwa amesimama sakafuni kwa miguu yake iliyovimba, anaondoa shuka lenye vumbi kwenye cherehani. Alijibu bila kugeuka.

"Ulipoleta mkasi nilikuwa humu ndani, nimekaa, nasikiliza. Ulipoleta kigoda nilikuwa humu. Siku ya bawaba nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango kabisa, nikasema leo atasema. Hukusema." Akalikunja shuka. "Mtu akitaka kumwona mkewe anahitaji nyoka? Ukija tena, uje mikono mitupu. Uje bila sababu."

Siku iliyofuata Mfuniko alikaa karakana na kuharibu mlango wa mteja, akaukata ukawa mfupi kiasi kwamba mbuzi angepita chini yake bila kuinama. Hakukasirika. Aliuegemeza ukutani akaendelea kuwaza atasema nini. Alitunga maneno, akayaona yana kona nyingi, akayapunguza, akaona yamebaki machache mno. Watu walipiga simu wakisema wameona mkia kwenye bomba la mvua. Aliwaambia wafunge mlango, atakuja keshokutwa jioni, sasa hivi ana shughuli. Hakuwahi kuwaambia watu hivyo tangu aanze kazi ile.

Keshokutwa aliyoiulizia ilipofika, alivuka reli. Mikono yake ilimsumbua njia nzima. Aliitia mifukoni, akaitoa, akaifunga mgongoni, akaona anaonekana kama mkaguzi. Maisha yake yote hakuwahi kubisha mlango wa mtu bila kubeba kitu cha kutengenezea au cha kukamatia. Shemeji alikuwa uani akimwaga chakula cha kuku. Aliitazama mikono ya Mfuniko, akatazama nyuma yake kutafuta ndoo, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu Mfuniko amfahamu akakifunga bila kukitumia. Akaendelea na kuku wake.

Ndani cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Mfuniko alisimama mlangoni akiusikiliza ule mlio, na maneno yote aliyoyatunga karakana yakamkimbia.

"Hodi," alisema.

"Nani?" Cherehani haikupunguza mwendo.

"Mimi."

"Kuna nini?"

Alitafuta kichwani kwa mazoea, akakuta mkasi umeshaletwa, kigoda kimeshaletwa, bawaba haijambo, na nyoka hayupo.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimekukumbuka."

Cherehani ikasimama.